Nyumba ya kuuza Tanga: waonyeshe wateja mkiwa mnaishi ndani, ikiwa tupu, au ikiwa na wapangaji?

Mwenye nyumba anayetaka kuuza hapa Tanga ana njia tatu za kuwapokea wateja. Ya kwanza, anaendelea kuishi na familia yake na wateja wanapishana nao sebuleni. Ya pili, anahama kwanza, nyumba inabaki tupu na ufunguo anaushika yeye au dalali. Ya tatu, wapangaji wanabaki humo humo, na mteja anatembezwa kwenye vyumba vya watu ambao si wenye mali. Tumezilinganisha kwa kuangalia nyumba za Ngamiani, Chumbageni na Raskazone, na zile mpya za Kange na Mikanjuni, maana jibu halifanani kila mahali.

Msimamo wetu tuutoe mapema: nyumba nyingi za Tanga huonekana vizuri zaidi zikiwa zinakaliwa, mradi vyombo vipunguzwe. Sababu kubwa ni hewa ya bahari. Nyumba iliyofungwa wiki chache huota ukungu, hutoa harufu ya chooni na vitasa vyake hushika kutu, na mteja akifunguliwa mlango hayo ndiyo yanayompokea. Nyumba tupu ina nafasi yake, na yenye wapangaji pia, ila zote mbili zinadai matunzo ambayo wauzaji wengi hawayaweki kwenye hesabu.

| | Mnaishi ndani | Tupu | Ina wapangaji |
|---|---|---|---|
| Hewa na unyevu | Madirisha hufunguliwa kila siku | Lazima mtu aje kufungua, angalau mara mbili kwa wiki | Inategemea mpangaji |
| Ukubwa wa vyumba | Unaonekana, vyombo vikipunguzwa | Sebule hunufaika, vyumba vidogo huumia | Mara nyingi vyumba vimejaa |
| Mteja wa ghafla | Ni tabu | Rahisi | Haiwezekani bila taarifa |
| Kasoro za ukuta na sakafu | Baadhi zimefunikwa na vyombo | Zote ziko wazi | Zimefunikwa, na huenda hata mwenye nyumba hazijui |
| Gharama ya kusubiri | Ndogo | Mlinzi, umeme, usafi, pamoja na kodi ya unakohamia | Kodi inaendelea kuingia |
| Mteja anayefaa | Familia | Anayetaka kuhamia mara moja au kukarabati | Anayetafuta nyumba ya kupangisha |

Kwanza unyevu, njia yoyote utakayoshika

Hakuna kinachomfukuza mteja wa pwani kama ukuta wenye chumvi. Anaingia, anasalimia, macho yanashuka kwenye futi tatu za chini za ukuta: rangi imevimba, plasta inamenyeka, na unga mweupe umelala chini kando ya ukuta. Kupaka rangi juu ya hali hiyo siku chache kabla mteja hajafika ni kupoteza ndoo nzima. Maji hupanda ukutani kutoka kwenye msingi yakiwa na chumvi; yakikauka usoni mwa ukuta, chumvi hubaki na kuisukuma rangi mpya itoke. Wakati wa mvua kazi yako yote huharibika ndani ya wiki chache, na mteja aliyekuja na fundi wake ataikwangua kwa ukucha palepale.

Jua kwanza maji yanatoka wapi. Kata kipande cha nailoni nzito, sentimita 50 kwa 50, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasipite hewa, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Yakiwa upande wa chumbani, ukuta hauna kosa. Huo ni mvuke wa hewa ya chumba, na dawa yake ni madirisha na pangaboi. Kama tatizo ni ukuta, zunguka nje kabla hujamwita fundi wa plasta. Tazama gata linalomwaga kwenye kona, koki ya nje inayovuja, bomba la bafu, shimo la maji machafu lililokaribiana na msingi, na uani ambako sakafu imeinuliwa hadi ikapita usawa wa sakafu ya ndani. Mara nyingi chanzo ni mojawapo ya haya, na kulirekebisha ni rahisi kuliko kuushughulikia ukuta.

Ndipo ugeukie ukuta. Plasta iliyooza ibanduliwe hadi nusu mita juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Chumvi ipigwe brashi kavu na kuzolewa. Usiioshe kwa maji, maana itayeyuka na kurudi ndani. Kisha ukuta uachwe wazi ukauke kwa wiki kadhaa. Hapa nyumba za zamani hutofautiana na mpya. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa unataka plasta ya chokaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Ukiupiga saruji, maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na alama huibuka pale saruji ilipoishia. Ukuta wa tofali za saruji hupokea plasta ya saruji moja kwa mchanga nne. Mchanga wa ufukweni usiuguse kwa kazi yoyote kati ya hizi. Una chumvi yake tayari. Plasta mpya ya saruji ingoje siku 28 kabla ya rangi.

Kwa hesabu hiyo kazi ya unyevu inakula miezi miwili na zaidi. Aanzaye mwishoni mwa Desemba, vuli ikiisha na kaskazi ikianza kuvuma, humaliza kabla masika hayajakolea. Aanzaye Juni hupata muda wa kuonyesha nyumba kabla ya mvua za vuli za Oktoba. Kama muda au fedha havitoshi, bandua plasta, acha ukuta ukauke wazi, na umweleze mteja ulivyo. Ataweza kupiga hesabu ya ukarabati na kuipunguza kwenye bei. Akigundua mwenyewe kitu ulichokipaka rangi, ataanza kushuku hadi umeme na msingi.

Ukungu mweusi wa bafuni na nyuma ya makabati ni jambo dogo zaidi. Kipimo kimoja cha jiki kwa vinne vya maji, paka, ngoja dakika 10 hadi 15, suuza, acha pakauke madirisha yakiwa wazi. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia sinki la choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Wengi hufanya kosa hili siku ya usafi mkubwa, wakiwa wamejifungia kwenye choo kidogo.

Mkiwa mnaishi ndani

Faida yake ni kwamba mteja anaona maisha yanavyokwenda: maji yanatoka, pangaboi linazunguka, jikoni panapikika. Hasara ni wingi wa vitu. Sebule nyingi za Tanga zina seti ya sofa ya watu saba, yaani tatu, mbili, moja na moja, pamoja na kabati la vyombo, meza, stuli na jokofu lililokosa nafasi jikoni. Chumba cha futi 12 kwa 14 chenye vitu hivyo vyote huonekana kichochoro. Toa sofa mbili za mtu mmoja na stuli zote, halafu hakikisha mtu anaweza kupita kila upande bila kugeuza bega, yaani njia ya sentimita 90. Kabati la vyombo likiziba dirisha au matundu ya hewa, lihamishe hata kama ukuta wa nyuma yake utabidi kupakwa rangi.

Chumbani kipimo ni kitanda. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kitanda cha sita kwa sita kinabakiza jumla ya futi nne kwa urefu na nne kwa upana, na kabati la futi mbili likiingia, nafasi imeisha. Kama una kitanda cha nne kwa sita, kiweke humo kwa kipindi hiki. Chandarua kifungwe juu au kitolewe. Masanduku ya juu ya kabati na mabegi ya chini ya kitanda yapelekwe kwa ndugu. Yakibaki, mteja anapata ujumbe kwamba nyumba haina mahali pa kuhifadhi vitu.

Usihamishie vitu hivyo stoo au uani. Mteja atafungua stoo, na uani atafika tu. Theluthi moja ya vyombo iondoke kabisa kwenye kiwanja.

Kinachochosha wanaobaki ndani ni kuiweka nyumba tayari kila siku. Afadhali mpange nyakati mbili za kudumu kwa wiki, tuseme Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, na Jumatano kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri, na dalali aambiwe hivyo tangu mwanzo. Kina mama wapate nafasi ya kujiandaa, na vyumba vya ndani mtu asiingizwe kabla ya hodi kuitikiwa. Dalali anayekuja na watu watatu mlangoni akisema “Mama, tupo hapa nje na wateja, dakika tano tu” ajibiwe kwa upole kwamba karibu Jumamosi. Mteja wa kweli hurudi. Mteja aliyesafiri takriban kilomita 350 kutoka Dar es Salaam ndiye wa kumvunjia ratiba, na hata yeye apige simu siku moja kabla.

Mtu mmoja wa familia amtembeze mgeni, wengine wakae barazani au watoke. Watoto sita na majirani wawili wakifuatana naye chumba kwa chumba, mteja hawezi kusemezana na mkewe kuhusu bei, naye ataikatisha ziara. Dhahabu, fedha taslimu na hati ya nyumba visiwepo chumbani siku hizo.

Ikiwa tupu

Nyumba tupu humfaa mteja anayetaka kugusa kila kitu. Anaona sakafu yote, nyufa zote, na soketi zilizokuwa nyuma ya makabati. Wenye nyumba pana za Raskazone hunufaika nayo, kwa sababu sebule ya futi 20 ikiwa tupu na milango ya kuelekea bustanini ikiwa wazi haihitaji maelezo. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni kinyume chake: kikiwa kitupu huonekana kidogo zaidi, maana jicho halina cha kupimia. Tandika mkeka au zulia la futi sita kwa sita pale ambapo kitanda kingekaa. Mteja huusimamia pembeni, anageuka, na anapata jibu mwenyewe kwamba kabati litaenea.

Mpangilio wa kazi una maana hapa. Hamisha vyombo kwanza, paka rangi baadaye. Anayepaka akiwa bado ndani huja kukuta alama za sofa, matundu ya misumari ya picha na vivuli vya makabati ukutani, na inambidi arudie. Sakafu ya zamani ya saruji nyekundu nayo huonyesha mabaka pale zulia lilipokaa miaka mingi. Ioshwe, ikauke, ipigwe nta mara mbili na kusuguliwa kwa kitambaa hadi isiache rangi kwenye soksi.

Halafu yako matunzo yanayosahauliwa. Kila sinki la choo, beseni na tundu la maji la bafuni lina maji yanayokaa kwenye kona ya bomba kuzuia harufu. Kwa joto la Tanga, tundu la bafu lisilotumika hukauka ndani ya wiki chache, na harufu ya shimo na mende hupata njia. Mwaga nusu ndoo kwenye kila tundu kila wiki, na mwishoni weka kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Mafuta huelea juu na kuchelewesha maji kukauka. Mfuniko wa chemba ulioachia pembeni uzibwe kwa udongo mfinyanzi au saruji dhaifu.

Maji ya kwenye simtanki yakikaa muda mrefu hunuka. Yafunguliwe yote, tangi lisuguliwe na lijazwe upya siku mbili kabla ya wageni. Mteja atafungua koki mbili kwa wakati mmoja, na maji yenye rangi ya kutu yanayotoka sekunde za kwanza humkaa kichwani kuliko yale safi yanayofuata, kwa hiyo fungua koki zote kwa dakika tano kabla hajafika.

Umeme nao. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na mita isiponunuliwa umeme kwa miezi kadhaa, makato hujikusanya. Ukija kununua uniti asubuhi ya siku ya wageni, unaweza kushangaa fedha imekwenda kwenye makato na umeme ulioupata ni kidogo. Nunua mapema. Kisomeo kinacholia kwa sababu uniti zinaisha kinamwambia mteja kwamba nyumba imetelekezwa.

Usalama ndio gharama kubwa. Koki, nyaya, na hata sinki huondoka kwenye nyumba zisizo na mtu. Kama huwezi kuweka mlinzi wa kulala, mpe ndugu chumba kimoja akae na kitanda na jiko dogo, vyumba vingine vibaki vitupu. Hali hiyo ya katikati tunaipenda kuliko tupu kabisa: madirisha yanafunguliwa, maji yanapita kwenye mabomba, na mtu anaona mchwa mapema. Mchwa hujenga njia za udongo kwenye fremu za milango kimyakimya. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini, na pakitoa sauti ya uwazi, choma kwa ncha. Fremu iliyoliwa ibadilishwe, na udongo wa kando ya msingi utiwe dawa. Kuijaza fremu kwa saruji na kuipaka rangi ya mafuta hakudumu hata siku ya kwanza, fundi wa mteja ataigonga vilevile.

Ikiwa na wapangaji

Kwa mteja anayetafuta kitega uchumi, mpangaji anayelipa ni ushahidi kuliko maneno ya dalali. Tangu shughuli za bandari na za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani zianze kuvuta watu, swali la “kodi inaingia kiasi gani” huulizwa mapema sana. Andaa mikataba, na orodha ya chumba, kiasi na tarehe ambayo malipo yanaishia. Bila karatasi hizo faida yote ya njia hii inapotea.

Waambie wapangaji kabla dalali hajaanza kuleta watu. Wakisikia habari kwa dalali, watahisi wanafukuzwa, na kila mteja ataambiwa mlangoni kwamba choo kinaziba na majirani ni wakorofi. Wanahitaji kujua mambo matatu: kama mnunuzi ataendelea nao au la, kodi waliyolipa mbele itakuwaje, na siku zipi wageni watakuja. Wape taarifa walau siku moja kabla, na chumba cha mpangaji kisifunguliwe yeye akiwa hayupo bila idhini yake. Punguzo kidogo la kodi kwa miezi ya maonyesho, au ndoo ya rangi na fundi kwa ajili ya chumba chake, hufanya kazi nzuri kuliko vitisho.

Kodi ya mbele ndiyo huzaa ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi. Chukua chumba cha sh. 150,000 kwa mwezi, mpangaji amelipa mwaka mzima Januari 1, jumla sh. 1,800,000. Nyumba ikikabidhiwa Mei 31, miezi mitano imekaliwa kwako na saba iliyobaki, sh. 1,050,000, ni ya kipindi cha mwenye nyumba mpya. Kiasi hicho ama umkabidhi mnunuzi au kipunguzwe kwenye bei, na kiandikwe kwenye mkataba wa mauzo. Mteja aelezwe siku anapotembezwa, asije kukutana nacho mezani kwa wakili.

Nyumba za Ngamiani zenye korido katikati na vyumba sita vyenye wapangaji sita zina tabu yake: chumba kimoja kikiwa kimefungwa siku hiyo, mteja atakifikiria kuwa kibovu kuliko vyote. Panga siku ambayo wote wapo, hata kama ni Jumapili moja kwa mwezi, na korido isafishwe na kutolewa majiko ya mkaa, ndoo na baiskeli. Taa za korido ziwe za LED za wati 9 hadi 12 kila baada ya vyumba viwili, maana giza la korido ndilo linalofanya nyumba hizi zionekane chakavu kuliko zilivyo.

Chokaa, rangi ya maji, au rangi ya mafuta

Kwa ukuta wa zamani wa mawe, chokaa. Unaachia ukuta upumue, na ukiharibika unapigwa upya kwa siku moja. Kasoro yake ni kuchafua nguo, jambo baya kwenye korido nyembamba ambako wageni watano watapishana. Chuja vizuri, paka mikono miwili au mitatu myembamba badala ya mmoja mzito, na kila mmoja ukauke.

Rangi ya maji ndiyo ya kawaida kwa nyumba za tofali. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8, ukitoa mlango na madirisha, kina kama mita za mraba 34, hivyo mikono miwili inahitaji lita 7 hadi 8. Ndoo ya lita 20 inatosha vyumba viwili na inabakiza kidogo. Chagua nyeupe iliyopozwa au rangi ya maziwa, moja kwa nyumba nzima. Kijani cha chumba kimoja na zambarau ya kingine humlazimu mteja kupiga hesabu ya kupaka upya akiwa bado anatembea.

Rangi ya mafuta ibaki kwenye milango, grili na jikoni. Ukuta wenye unyevu ukipakwa rangi ya mafuta hutoa malengelenge. Grili za madirisha upande wa bahari zipigwe brashi ya waya hadi chuma kionekane, zipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Ukiruka hatua ya katikati, madoa ya kutu hurudi upesi. Nyavu za mbu zitolewe zioshwe. Vumbi na chumvi huziba matundu, na zikirudi safi mwanga na upepo wa chumbani huongezeka kuliko kwa rangi yoyote.

Ipi kwa nyumba ipi

Kwa nyumba ya familia ya vyumba vitatu Kange, Mikanjuni au Nguvumali, bakini ndani na mpunguze vyombo. Ikiwa bado mpya na haijawahi kukaliwa, iuzeni tupu, lakini nyasi zikatwe, vifusi viondolewe na bikoni za kiwanja zifukuliwe zionekane. Kwenye maeneo mapya mteja huuliza mipaka kabla ya kuuliza vyumba.

Nyumba kubwa ya Raskazone yenye bustani: tupu au nusu tupu, na mtu wa kulala. Juu ya bati angalieni minazi. Mkwezi aangushe nazi kavu na makuti yaliyoning'inia kabla ya wageni, kwa ajili ya usalama wao na wa magari yao. Bati lenyewe kagueni kutoka darini saa sita mchana taa zikiwa zimezimwa. Kila tundu la msumari hujionyesha kama nukta ya mwanga, na madoa ya silingibodi chini yake yapakwe tu baada ya tundu kuzibwa.

Nyumba ya korido ya Ngamiani: wapangaji wabaki, isipokuwa kama mnunuzi mnayemlenga ni wa kubomoa na kujenga upya kwa biashara. Huyo hanunui rangi, ananunua kiwanja na barabara. Msimpotezee fedha za chokaa.

Kinachoandikwa ukutani, na karatasi za mezani

Kuna nyumba zina maandishi mekundu “NYUMBA HII HAIUZWI”, mabaki ya ugomvi wa kifamilia. Kuyafuta kabla ugomvi haujaisha ni hatari kwa muuzaji mwenyewe: ndugu mmoja akiyarudisha usiku, wateja wote waliotembezwa watasikia. Nyumba ya mirathi ihitimishwe kwanza. Msimamizi awe ameteuliwa na mahakama na warithi wawe wamekubaliana. Nyumba ya wanandoa inahitaji ridhaa ya mwenza, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971, na mteja makini atataka kumwona huyo mwenza siku ya kutembezwa. Alama ya X ya hifadhi ya barabara haiondolewi na rangi. Mweleze mteja sehemu inayohusika na umwachie apime.

Siku ya wageni weka mezani nakala ya hati au ofa, risiti za kodi ya pango la ardhi na bili ya mwisho ya maji. Nakala, si hati halisi. Atakayetaka kuhakikisha atafanya upekuzi ofisi ya ardhi, na ni vizuri ukampa namba ya kiwanja na kitalu zimeandikwa kwenye karatasi.

Kuhusu harufu: fungua madirisha yote saa mbili nzima kabla, usikaange samaki asubuhi hiyo, na udi uwe kidogo au usiwepo. Watu wa pwani wanaupenda, lakini moshi mzito wa udi saa nne asubuhi kwenye nyumba ya kuuza humfanya mnunuzi azunguke akitafuta unachofukizia. Epuka saa sita hadi saa nane mchana kama nyumba haina dari, na Ijumaa mchana kabisa. Mvua ikinyesha siku ya miadi na bati lako ni zima, usiahirishe: mwache mteja asimame sebuleni asikilize, kisha umpeleke nyuma akaone gata linavyopeleka maji kwenye mfereji.

Na bei iwe moja. Madalali watatu wakitaja bei tatu kwa nyumba moja, mteja atakayezisikia zote ataanzia chini ya ile ya mwisho. Mpe dalali mmoja kwa maandishi, au wape wote bei ileile na kamisheni ileile, ufunguo ubaki kwa mtu mmoja, na daftari la majina, simu na tarehe za waliotembezwa likae mlangoni ili baadaye pasiwe na mabishano kuhusu nani alimleta nani.